Bao Halichezwi kwa Kidole Kimoja

Siku hizi ukilitetea bao la barazani mbele ya vijana wenye simu, unajibiwa kwa hoja zilizokwisha kupangwa. Wanasema kukaa ana kwa ana ni mambo ya zamani, kwamba bao, drafti na sataranji vyote vimehamia kwenye kioo na huko vimekuwa bora zaidi. Baadhi ya hoja hizo zina ukweli, na penye ukweli nitakiri. Nyingi hazina. Nazichukua moja moja, kwa sababu zimerudiwa hadi wazazi nao wameanza kuziamini, na mabao yamebaki yameegemezwa ukutani.

"Mchezo ni ule ule, kilichobadilika ni chombo"

Kwa sataranji, hoja hii inasimama. Mwaka 1965 Mmarekani Bobby Fischer alialikwa Havana kwenye mashindano ya kumkumbuka bingwa Capablanca, serikali ya Marekani ikamnyima ruhusa ya kwenda Cuba. Akakaa Marshall Chess Club mjini New York, kila hatua yake ikatumwa Havana kwa mashine ya teleksi, na mwisho akawa miongoni mwa waliofungana pointi nyuma ya mshindi, Vasily Smyslov. Umbali haukumpunguzia kitu Fischer. Hatua ya sataranji huandikwa kwa herufi na tarakimu, ikasafiri ikafika nzima.

Bao lina tabia nyingine. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi tu mbele yake, sita zikiwa ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 zilizobaki huziingiza moja moja wakati wa kunamua, kipindi cha kwanza cha mchezo. Ukila, unazichukua kete za mwenzako na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwani, shimo la mwisho wa safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari haijaisha: ama unakula tena ukiwa na cha kula mbele yako, ama unachota zote ukaendelea. Inapoangukia shimo tupu ndipo unalala. Mtaji mmoja, yaani zamu moja ya kula na kusambaza, unaweza kuzunguka mara kadhaa, na kila mzunguko unabadilisha hesabu ya mzunguko unaofuata.

Fundi anaketi mbele ya vurugu hiyo yote na, kabla hajachota, anajua kete ya mwisho itaangukia wapi. Mholanzi Alex de Voogt aliwatafiti mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akachapisha kitabu kizima kuhusu uwezo wa akili zao. Uwezo ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulijengwa na mkono uliosambaza kete maelfu ya mara, ukazoea kwamba mzigo wa kiasi hiki ukianzia hapa utafika pale, wakati macho ya mpinzani yamekaza kwenye vidole kusubiri kosa.

Kwenye simu unagusa shimo na mashine inakusambazia. Programu nyingi hukuonyesha hata mashimo unayoruhusiwa kuyagusa. Kuna zinazokubali ukirudishe nyuma kitendo chako kama hakikukupendeza. Mchezaji makini anaweza kukokotoa kwanza ndipo aguse, sikatai, lakini hakuna kinachomlazimisha. Anagusa, anatazama kete zikikimbia zenyewe, anafurahi zikila, ananuna zikilala. Kazi ambayo bao limeumbwa kuipima ameachiwa aifanye akipenda. Na kazi ya kupenda, kwa mwanafunzi, ni kazi isiyofanyika.

Kuna pia suala la nyumba. Mtaji ukifika kwenye nyumba yako wakati wa kunamua, una uamuzi: ulale hapo uhifadhi akiba, au usafiri, uichote yote na kuitawanya. Huo ndio uamuzi mzito kuliko yote katika nusu ya kwanza ya mchezo. Barazani, anayesitasita anaonekana. Mkono unaning'inia juu ya nyumba, mpinzani ananyamaza ghafla au anaanza kuongea sana, na kimya kile au maneno yale ni habari. Wachezaji wazuri huisoma habari hiyo, na wengine huipotosha kwa makusudi. Kwenye kioo, uamuzi wa nyumba ni vitufe viwili.

"Programu inasimamia sheria, hakuna ubishi"

Wanaolisema hili hawajakutana na kutakasia. Ni kanuni ya kipindi cha pili cha mchezo: katika hali fulani mtu asiye na cha kula akitakata, yaani akisambaza kete bila kula, na mpinzani akabakiwa na shimo moja tu linaloweza kuliwa, shimo hilo haliruhusiwi kuchotwa. Kisha zinafuata ruhusa zake: kama shimo lenyewe ndiyo nyumba, kama ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, na kadhalika. Wazee wenyewe huijadili. Anayeandika programu analazimika kuchagua tafsiri moja na kuifunga humo ndani, na mwingine anachagua nyingine. Kijana aliyejifunza kwa simu anafika barazani na sheria ya mtengenezaji wake akidhani ndiyo sheria ya bao.

Mashine haielezi pia. Shimo linakataa kufunguka, basi. Barazani ungeambiwa sababu na watu watatu kwa mpigo, na mmoja wao angekupangia mfano palepale kwa kete.

Kuna hata mitaji isiyo na mwisho. Tom Kronenburg, Jeroen Donkers na de Voogt waliandika kuihusu mwaka 2006: michezo ambamo usambazaji unazunguka na kuzunguka bila kupata shimo tupu la kulala. Programu lazima iambiwe mapema ikate wapi. Watu hukubaliana.

Na hata kwenye sataranji yenye sheria zilizonyooka, mtandao haujaondoa ubishi. Agosti 2020, wakati wa korona, Shirikisho la Sataranji Duniani liliendesha Olimpiadi yake mtandaoni. Fainali ilikuwa kati ya India na Urusi. Intaneti ikakatika, wachezaji wawili wa India wakapoteza kwa saa kuisha, malalamiko yakapelekwa, na mwishowe dhahabu ikatolewa kwa timu zote mbili. Walioamua walikuwa binadamu, nje ya mashine, kama ambavyo ingeamuliwa kwenye kijiwe chochote.

"Mtandaoni hakuna wizi"

Kinyume chake. Tangu kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, kompyuta zimewaacha mbali binadamu katika sataranji, na leo simu ya mfukoni ina nguvu kuliko bingwa wa dunia. Anayecheza peke yake chumbani ana mshauri asiyeshindika kwenye meza ileile. Majukwaa makubwa hufunga akaunti za wadanganyifu kila siku. Ni vita isiyokoma.

Ana kwa ana watu pia huiba. Igors Rausis, aliyekuwa na hadhi ya mkuu wa sataranji, alinaswa Strasbourg mwaka 2019 akitumia simu akiwa chooni, akakiri, akafungiwa na kuvuliwa cheo. Lakini tazameni ilivyombidi afanye: asimame, aondoke mezani, ajifungie, kila mara, hadi watu wakashuku. Wizi mbele ya watu una gharama, kwa kuwa mwizi anaonekana. Barazani wanaotazama hawana hata haja ya mwamuzi. Kete moja ikiteleza mahali pasipo pake, sauti zinapazwa kabla mpinzani hajafumbua mdomo.

"Mtandaoni utakua haraka, unacheza mara nyingi"

Hapa kuna ukweli ninaouheshimu. Mchezaji hodari wa sataranji katika mji usio na wenzake wa kiwango chake anahitaji mtandao, na kabla ya mtandao watu wa aina hiyo walidumaa. Tovuti kama Lichess inampa wapinzani usiku na mchana bila malipo. Simwambii aiache.

Ila wingi wa michezo si kukua. Michezo ya dakika moja au tatu hufundisha kasi ya kidole na mitego ya kushtukiza. Ukifungwa unabonyeza, anakuja mwingine, na kosa lako linazikwa hapohapo bila kutazamwa. Mezani kuna kanuni kwamba ukigusa umecheza. Inamfundisha mtu kufikiri mkono ukiwa bado umetulia. Tena mpinzani wako yupo, unamuuliza: hapa uliona nini?

Chukua mfano wa Katwe, Kampala. Robert Katende alianza kufundisha watoto sataranji kwenye mtaa ule maskini, na Phiona Mutesi alipofika, aliyemwelekeza namna vipande vinavyotembea ni mtoto mdogo kuliko yeye. Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na ubao, uji na watoto wanaofundishana. Mwaka 2010 Phiona alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji, na mwaka 2016 dunia ikatazama filamu ya maisha yake. Yule mtoto mdogo aliyemfundisha naye alikuwa akijifunza, maana ukieleza kitu kwa sauti unagundua unapokifahamu nusunusu. Kwenye simu hakuna anayekuomba umweleze chochote.

Kwa bao jambo hili lina uzito zaidi. Kwenye vijiwe vingi anayefungwa anampisha mwingine, na akishampisha hukaa pembeni akitazama. Muda ule wa pembeni ndio shule yenyewe. Unaona kosa lako likifanywa na mtu mwingine, unasikia wakubwa wakilichambua, unabisha, unashindwa kubisha. Mfululizo wa michezo ya simu umelifuta somo hilo kabisa, na wanaoufurahia wanadhani wamepunguziwa kusubiri.

"Baraza ni uvivu"

Mwalimu Nyerere alicheza bao, na sijamsikia mtu akimwita mvivu. Wanaosema hivi hawahesabu saa ambazo mtu huinamia kioo kitandani, kwa sababu kule haonekani na majirani. Aliyeketi barazani saa mbili baada ya kazi amejua nani anaumwa, nani amefiwa, gari la kwenda mjini linaondoka saa ngapi na kijana gani anatafuta kazi.

"Simu ni bure"

Bando si bure. Mashimo ya ardhini na komwe za kuokota ni bure.

"Simu inaunganisha waliotengana"

Hili silipingi hata chembe. Kuna Wazanzibari Muscat na wengine Uingereza wenye ndugu walioachana nao miaka mingi, na mchezo wa simu kati ya kaka na kaka ni bora mara elfu kuliko kutocheza. Wacheze. Nina ombi moja tu, kwamba wapigiane simu wakati wa kucheza, wasikiane sauti, wachokozane kama walivyozoea. Wengi hawafanyi hivyo, wanatumiana hatua kimyakimya, na hapo ndipo kitu kinapotea bure.

Wazee wangu nao wana hoja yao, kwamba simu ndiyo iliyoua bao. Si kweli, na inatuzuia kuona la kufanya. Tovuti ya Chess.com ilitangaza mwishoni mwa 2022 kwamba imefikisha wanachama milioni 100, na katika miaka hiyohiyo vilabu vya sataranji vya kukutana ana kwa ana vilijaa London na New York. Waliojifunza kwenye kioo walitafuta meza. Kijana aliyeonja bao kwenye simu ni mgeni anayekuja mlangoni. Tukimpokea kwa kejeli kwamba anacheza bao la watoto, atarudi alikotoka, na lawama itakuwa yetu.

"Barazani hakuna nafasi ya mwanamke wala mtoto"

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, nami sina cha kuipunguza. Vijiwe vingi vya bao ni vya wanaume watu wazima. Msichana anayetaka kucheza hana pa kukaa, na mtoto akisogea anafukuzwa au anatumwa sigara dukani. Kwenye simu hakuna anayemuuliza jinsia wala umri. Kwa binti huyo mtandao ni mlango pekee ulio wazi, na mimi ninayesema baraza ni shule bora lazima nikubali kwamba ni shule iliyowafungia nusu ya watu.

Lakini kinachofuata kutoka kwenye ukweli huo si kwamba bao lihamie kwenye kioo. Kinachofuata ni kwamba baraza zifunguliwe, na pale zisipofunguka, bao lipelekwe kwingine. Shule za msingi zina viwanja vya mchanga na wanafunzi wanaohitaji kuhesabu. Mashimo 32 yanachimbwa kwa dakika chache, kokoto 64 zinapatikana hapohapo, na mwalimu wa hisabati hahitaji kibali cha vifaa. Katende hakungoja wanaume wa Katwe wawapishe watoto nafasi. Alitafuta mahali, akaweka ubao, akapika uji, akaita watoto wa kike na wa kiume. Mafundi wa bao waliopo sasa wengi ni watu wazima wenye nafasi mchana. Kila mmoja akiombwa alasiri moja kwa wiki kwenye shule iliyo karibu naye, wasichana wa darasa la tano watajua kunamua na kutakata kabla hawajamiliki simu, na siku watakapoipata wataitumia kutafuta wapinzani wa kiwango chao.