Hodi Kwanza, Mashine Baadaye

Hapa kwetu Qurus, kama katika sehemu nyingi za Karatu, nyumba, shamba na kaburi hukaa jirani. Mtu hulima mahindi na mbaazi hatua chache kutoka mlangoni pake, na hatua chache nyingine aghalabu ndipo alipomlaza babake. Kwa hiyo mgeni anayeingia uani na mashine ya kupimia madini mkononi, akaanza kuipapasa ardhi kabla hajapiga hodi, amewaingilia watu faraghani mwao, hata kama mguu wake haujavuka kizingiti.

Tamaa ya hazina inayomleta mgeni huyo ina asili yake. Waingereza walipoiteka Arusha mwezi wa Machi 1916, Wajerumani walirudi nyuma wakipigana, na mwaka huohuo, katika karakana ya reli ya Tabora, wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Baada ya vita walowezi wao walirejea wakapanda kahawa Oldeani, humu humu wilayani Karatu, hata vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 wakatiwa kizuizini na mashamba yao yakatwaliwa. Watu walioondoka kwa ghafla mara mbili hawakosi kusimuliwa kwamba waliacha hazina ardhini, na hivyo ikakua imani ya mali ya Mjerumani, ambayo hadi leo huwachimbisha watu chini ya miti mikubwa na kando ya misingi ya majumba yaliyobomoka.

Nimepata kuushuhudia upimaji mmoja. Vijana wawili walifika asubuhi, mwenye mji akiwa mnadani na mkewe amekwenda kuteka maji, wakamwuliza mtoto wa miaka kumi kama wanaweza kuangalia kidogo. Naye, kwa adabu aliyofunzwa, akawaambia karibuni. Mashine ikalia, wakachimba hata kina cha goti, wakatoa jembe lisilo mpini, lililoliwa na kutu hata likawa jepesi kama gome la mti. Wakalitupa wakaenda zao, na shimo wakaliacha wazi katikati ya mistari ya mbaazi. Jioni ndama akatumbukia humo akavunjika mguu.

Karibu ya mtoto ni ukarimu, haiwezi kuwa idhini. Idhini huombwa kwa mwenye mji mwenyewe, mchana, mashine ikiwa bado imezimwa, na mwombaji aseme bayana anatafuta nini, atachimba wapi, na kitakachopatikana kitakuwa cha nani. Na akikataliwa, ashukuru aondoke pasi na kurudi usiku. Barua ya mtendaji wa kijiji ni ya lazima, lakini haimwondolei mwenye mji haki ya kusema hapana. Hata Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamzuia mwenye leseni kufanya kazi kando ya nyumba inayokaliwa bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji wake. Itakuwaje basi kwa asiye na leseni yoyote? Na makaburi yasiguswe kabisa, kwa idhini ya yeyote.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua vitu vya kale bila kibali cha serikali, na nchi hii ya Eyasi, Olduvai na Engaruka ina vitu vya namna hiyo kwa wingi. Chombo cha chuma kilichong'olewa mahali pake na kuuzwa kwa uzani kimekwisha kupoteza habari yote iliyokuwamo.

Vijiji vyetu vina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Naziomba halmashauri za vijiji vya Qurus ziandike katika mkutano ujao kwamba hakuna mashine itakayowashwa katika makazi ya watu bila ridhaa ya mwenye mji mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kwamba kila shimo lifukiwe na kushindiliwa kabla aliyelichimba hajaondoka.