Kufuliza ni Kutokoma

Wazee wa Shela hawakungoja tangazo la simu kujua maana ya kufuliza. Mvua ikinyesha siku tatu bila kupumzika, imefuliza. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo, bila kukoma. Aliyelipa deni la simu jina hilo alisema kweli, hata kama hakukusudia.

Fuliza ilizinduliwa Januari 2019 na Safaricom pamoja na benki mbili: CBA, ambayo leo ni NCBA, na KCB. Salio la M-Pesa lisipotosha, benki inakujazia. Kibenki hiyo ni ovadrafti, na ovadrafti si dhambi ya maskini. Biashara za msimu duniani kote huishi kwayo. Mwenye hoteli anakaa na meneja, anatoa vitabu vyake na hati ya nyumba, wanapatana kiwango, riba ya mwaka na muda wa kumaliza. Masika yakifukuza wageni, anavukia hapo mpaka msimu urudi. Hakuna anayemwita mzembe. Anaitwa mwekezaji.

Sasa chukua nahodha anayemtembeza mgeni yuleyule kwa mashua. Masika ni yaleyale, kusi ni uleule. Lakini yeye hana karatasi ya mshahara wala hati miliki, na hakuna meneja anayemtengea kiti. Anabonyeza simu. Masharti hayajadiliwi, yanamfikia yameshapikwa.

Hebu tupige hesabu. Fuliza ilipoanza, sheria ya 2016 ilikuwa bado inabana riba za benki: isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, yaani asilimia 13 kwa mwaka wakati ule. Nahodha akifuliza shilingi 1,000 na kukaa nazo siku 30, alitozwa asilimia 1 ya kuingilia na shilingi 10 kila siku. Jumla 310. Asilimia 31, bana, na ni mwezi mmoja! Iliwezekanaje? Haikuitwa riba, iliitwa ada. Sisi tuliopita madrasa tunaujua mchezo huu: kitu kikigoma kuwa halali, kibadilishe jina.

Mtaniambia ada zilipunguzwa Oktoba 2022, na deni lisilozidi 1,000 likapewa siku tatu za mwanzo bure. Sawa, lilikuwa jambo jema. Lakini kama huduma iliweza kupunguzwa bei na bado ikaendelea kusimama, basi ile bei ya mwanzo ilikuwa ya nini?

Wengine, hasa waliokwisha kula, watasema vijana hatujui kupanga pesa. Tupange ipi? Pesa ya Shela huja kwa mawimbi. Mgeni akituma 800, simu inajilipa kwanza, kabla nahodha hajanunua mafuta ya boti wala unga. Kesho hana kitu, anafuliza tena, anatozwa upya. Mwenye hoteli analipa deni kutokana na faida. Nahodha analilipa kutokana na chakula. Huo si uzembe, ndivyo mtambo ulivyoundwa.

Sisemi Fuliza ifungwe. Ikifungwa leo, kesho tutarudi kwa mkopeshaji wa mtaani, naye hana hata namba ya huduma kwa wateja. Nasema Benki Kuu ilazimishe mambo matatu. Gharama ioneshwe kwa asilimia ya mwaka kabla hujabonyeza, kama mwenye hoteli anavyooneshwa. Pesa ikiingia, deni lichukue sehemu tu, nyingine ibaki kwa mwenyewe. Na anayeishi kwa msimu aruhusiwe kulipa kwa msimu, kwa sababu rekodi za simu yake zinaonesha wazi ni miezi gani anapata na ni miezi gani anakauka.

Taarifa hizo wanazo tayari. Wanazitumia kila siku kuamua wakukopeshe kiasi gani. Wazitumie pia kuamua wakungoje mpaka lini.