Wifi, Huo Si Ukaguzi, Ni Upekuzi

Leo tunasema na mawifi, na mama wakwe wakipenda nao wasikilize.

Mabibi harusi wetu waliofuata waume zao Tunduma, mkoani Songwe, wanatwambia neno linalotuudhi: "Wamenikagua tu." Limekaguliwa sanduku, limekaguliwa kabati, imekaguliwa simu mpaka jumbe alizoandikiana na mamake. Tunduma wanaujua ukaguzi, maana mji uko mpakani na Zambia na forodha ndiyo maisha yake. Afisa anayekagua mzigo ana sheria nyuma yake, na ana kikomo. Tena tangu kizinduliwe kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde mwaka 2019, msafiri husimama mara moja badala ya mbili. Bi harusi, maskini, anasimamishwa kila siku!

Basi tuliite jambo kwa jina lake. Huo ni upekuzi. Kupekua ni kazi ya kuku: anaparura ardhi kwa makucha, anageuza takataka, akipata punje anameza, asipopata anahamia pengine, na uwanja uliofagiwa asubuhi anauacha umevurugika. Waliolichukua neno hilo kwa kuku wakalitia kwa binadamu hawakukusudia kumsifu mtu.

Kiarabu nacho kina tajassus, mzizi wake ni kupapasa kwa mkono. Humo ndimo tulimopata jasusi. Aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inaikataza tajassus, na imeitaja katikati: kabla yake dhana, baada yake kusengenya. Si ndiyo njia ya wifi hiyo? Anadhani, anapekua, jioni anakwenda kusimulia kwa jirani.

Mtatwambia familia ina haki ya kumjua mke. Kuulizia wakati wa posa, sawa. Fatima bint Qays alimtaka shauri Mtume (s.a.w.) juu ya waliomposa, akaelezwa kasoro zao bila kufichwa: mmoja hana mali, mwingine mkali kwa wanawake. Lakini aliyeuliza ni mposwaji mwenyewe, na nikaha haijafungwa. Hakufungua sanduku la mtu.

Hata polisi, sheria ya Tanzania inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha, na ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Wifi anaingia chumbani bila hodi.

Simu mmrudishie leo, pamoja na ufunguo wa kabati.