Hesabu za Dadu na Utu wa Mhusika

Mwaka 1974, huko Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ulitolewa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezo huu hauna mshindi. Watu wachache huketi mezani. Mmoja wao, msimamizi, huueleza ulimwengu na hatari zake. Wengine kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu. Katika kanuni za kwanza sifa sita za mhusika zilipatikana kwa kurusha dadu tatu za pande sita. Kati ya matokeo 216, moja tu huleta 18, na 54 huleta 10 au 11. Basi mhusika alizaliwa kama watu wazaliwavyo, pasipo kuulizwa.

Tangu hapo mlango wa uchaguzi umepanuliwa. Kitabu cha wasimamizi cha mwaka 1979 kiliruhusu kurusha dadu nne na kuitupa iliyo ndogo. Kanuni za mwaka 2014 ziliweka pia njia ya kununua sifa kwa pointi 27. Penye kununua hapakosi kupigwa bei. Leo zipo programu za kompyuta, mojawapo AnyDice, zitoazo uwezekano wa kila tokeo kwa kufumba na kufumbua, na wako wachezaji wamjengao mhusika kwa majedwali kabla ya kumpa jina. Hao hudai kwamba mhusika bora ni yule ambaye wastani wa madhara yake kwa adui ni mkubwa, na kwamba asiyepiga hesabu huwatia wenzake hasarani.

Dai hili halijibiwi kwa kuitukana hesabu. Elimu ya uwezekano yenyewe ilikulia penye dadu: Galileo alieleza kwa nini dadu tatu huleta 10 mara nyingi kuliko 9, njia 27 dhidi ya 25. Hesabu haina hatia. Mwenye hatia ni yule aipaye swali dogo, kisha akalitangaza jibu lake kuwa hukumu ya mchezo mzima.

Na utazamwe mfano mmoja. Kanuni za mwaka 2014 zilimruhusu mpiganaji hodari wa silaha nzito kupunguza 5 katika shabaha yake ili aongeze 10 katika madhara. Toleo la mwaka 2024 limeondoa badilishano hilo. Mpiganaji apataye shabaha mara 65 katika 100, na ambaye pigo lake ni wastani wa 11, huvuna 7.15 kwa kila pigo. Akikubali badilishano hushuka hadi mara 40 katika 100, lakini pigo lake hupanda hadi 21, na mavuno huwa 8.4. Jedwali husema achague pigo zito. Lakini aweza kukosa mara tatu mfululizo: kwa pigo la kawaida uwezekano huo hauzidi 5 katika 100, kwa pigo zito hufika karibu 22. Na kama adui aliye mbele yake ana pointi 7 tu za uhai, pigo la kawaida humwangusha mara 63 katika 100, pigo zito mara 40. Ziada yote iliyohesabiwa kuwa faida yamwangukia maiti. Wastani ni mali ya mapigo elfu, na mhusika aweza kufa katika la tatu.

Atajibu mpiga hesabu kwamba jedwali bora zaidi litayaona hayo. Ni kweli, na alitengeneze. Hata hivyo hapana jedwali litakalomwonyesha walioketi naye. Mpiganaji wake akipita wenzake kwa mbali, msimamizi hulazimika kuongeza nguvu za maadui ili hatari ibaki kuwa hatari. Hapo faida aliyoitafuta hutoweka, na wenzake, ambao hawakuhesabu, huachwa na maadui wasiowaweza. Mmoja amenunua, wengine wamelipa. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa kidole kimoja kimenenepa mpaka vingine havina kazi.

Lililo zito zaidi lahusu mhusika mwenyewe. Wasomi wa Kiswahili hawana haja ya kufundishwa habari za Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha hazikumweza, isipokuwa shaba kitovuni, na aliyeuawa na mwanawe. Mjenzi wa majedwali angeliziba kitovu kile siku ya kwanza, akajisifu kwa kuziba. Angelikuwa na mtu asiyeshindwa, na asingelikuwa na hadithi. Kwa maana upendo wa baba, usaliti wa mwana na majuto yake vyote vimepitia tundu lile. Sifa iliyo dhaifu ndiyo mahali ambapo wengine humfikia mhusika, wakamsaidia, wakamdanganya au wakamsamehe.

Basi utaratibu ugeuzwe. Mchezaji na aseme kwanza mhusika wake ni nani, ampenda nani, aogopa nini, na udhaifu gani hatauuza kwa pointi yoyote. Hayo yakiisha kusemwa mbele ya wenzake, afungue programu zake na kuhesabu atakavyo. Asiyeweza kuyajibu hayo bado hajajenga mhusika, hata kama wastani wake ni mkubwa kuliko wa wote mezani.