PEPOPUNDA HAIKEMEWI, INAKINGWA



Juzi baada ya ibada ya katikati ya wiki, dada mmoja wa Kisauni alinisubiri mlangoni. Ana mimba ya miezi mitano. Akaniambia, "Mchungaji, kliniki wanataka kunidunga sindano ya pepopunda. Mama mkwe ametumiwa ujumbe kwenye simu unaosema inafunga kizazi. Nidungwe, nisidungwe?"

Yeye nilimjibu palepale. Leo nataka kuwajibu ninyi nyote, maana najua swali hili liko katika nyumba nyingi, tangu Mtongwe hadi Magongo hadi Bamburi.

Kwanza niungame. Mwaka 2014 dada mwingine aliniuliza neno hilohilo. Mnaukumbuka mwaka ule. Maaskofu wa Kanisa Katoliki hapa Kenya walisema kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilipopimwa ilikutwa na homoni ya mimba, na kwamba ingewazuia kuzaa. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakasema chanjo ni salama. Mimi nikamwambia yule dada, "Ngoja kwanza, tuombe." Wapendwa, sikuomba sana. Sikusoma, wala sikumuuliza muuguzi hata mmoja. Niliogopa kukosea, nikauita uoga wangu hekima. Alijifungua salama, namshukuru Mungu. Lakini rehema ya Mungu haikuyafanya maneno yangu kuwa kweli.

Siwalaumu maaskofu kwa kuuliza. Mlinzi akiona kivuli lazima apige kelele. Lakini swali likijibiwa, tulisikilize jibu. Walijibiwa kwamba vipimo vilivyotumika ni vya damu na mkojo wa binadamu, na havifai kupimia chanjo ndani ya chupa. Mbona wanawake tu? Kwa sababu mama aliyedungwa humpitishia kinga mtoto aliye tumboni, akazaliwa nayo. Na ile hofu ilianzia wapi? Ni kweli watafiti wa India waliwahi kujaribu sindano ya kuzuia mimba, wakaiunganisha homoni hiyo na sumu ya pepopunda iliyolemazwa. Hiyo ni dawa nyingine, iliyotengenezwa kwa kazi nyingine. Ukinunua unga wa ngano hujanunua mahamri.

Halafu angalieni madhabahuni petu. Waulizeni akina mama wanaoleta watoto kuwekwa wakfu, wengi wao walidungwa kliniki. Wengine wamerudi na wa pili, na wa tatu!

Sasa tulitazame jina. Hili "pepo" lililo mwanzoni mwa neno limetuponza sisi watu wa maombi. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa usiku katika nyumba moja Likoni. Kijana wa mjengo, taya limekaza, mgongo umepinda kama upinde. Jirani wakasema ni pepo. Tukamzunguka, tukakemea kwa sauti kubwa. Kila tulipopaza sauti, mwili ulizidi kukakamaa, nasi tukasema pepo linagoma. Dada mmoja wa kanisa, muuguzi, alipofika aliuliza jambo moja tu: "Ana kidonda?" Kilikuwepo, chini ya unyayo, cha msumari wa wiki iliyotangulia. Tukavuka feri naye usiku uleule. Alilazwa wiki nyingi, akapona. Baadaye nikajifunza kwamba mgonjwa wa pepopunda hushtuliwa na kelele. Maombi yetu ya makelele yalikuwa yanamtesa.

Vijidudu vya ugonjwa huu hukaa kwenye udongo, vumbi na samadi ya wanyama. Huingia kwa kidonda, au kwa kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa vitu vya kienyeji. Vikiingia vinatoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri huacha ghafla, akakakamaa. Na aliyepona hapati kinga. Yule kijana wetu ilibidi adungwe baada ya kupona, la sivyo angeweza kuugua tena.

Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imeondoa pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya umma. Lakini udongo bado ni uleule. Ugonjwa huu hauambukizwi na mtu, kwa hiyo kinga ya jirani yako haikusaidii wewe.

Je, sindano ni salama? Ndani yake hamna kijidudu kilicho hai. Mna sumu iliyokwisha kulemazwa, mwili uijue adui kabla hajaja. Mkono utauma, pengine utavimba kidogo, pengine homa ya siku moja au mbili. Mzio mkali upo lakini ni nadra sana. Ukiwahi kudhurika na sindano, mwambie muuguzi kabla hajakudunga.

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, imani iko wapi?" Soma 2 Wafalme 20. Hezekia aliumwa karibu na kufa. Akaomba, akalia, na Mungu akamtuma Isaya na ahadi ya kuponywa. Nabii amebeba ahadi mkononi, na bado akaagiza ziletwe tini ziwekwe juu ya jipu. Hezekia hakuzikataa tini ili aonekane ana imani. Alipokea neno, akapokea na dawa.

Kwa hiyo, dada mjamzito, nenda kliniki. Kama hujawahi kudungwa, utapewa mbili, zikiachana angalau wiki nne. Ukifikisha tano kwa mpangilio wa kliniki, umekingwa miaka yako yote ya kuzaa. Mtoto naye apelekwe akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kitovu chake kisipakwe samadi wala majivu.

Ndugu zangu wa mjengo, wavuvi, vijana wa yadi za makontena Changamwe: ukichomwa na msumari au bati, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Nipigie simu ukiwa njiani, nitakuombea huku unakwenda.

Na mama wakwe, nawasihi kwa heshima: ujumbe wa simu usioujua mwandishi wake usiwe nabii wa nyumba yako.

Yule dada wa Kisauni anakwenda Jumatatu. Mama Mchungaji atamsindikiza. Kama nawe unaogopa kwenda peke yako, tuambie, twende pamoja.

Mungu awabariki. Sema Amina.

Mchungaji wenu.