Jaji wa Shirikisho Hapandishwi Cheo

Dai linalorudiwa magazetini, kwamba jaji wa shirikisho nchini Marekani hufika kitini kwa kupandishwa cheo daraja baada ya daraja, halina mguu wa kusimamia. Huo ni utaratibu wa Ufaransa, ambako kijana husomea ujaji chuoni. Marekani, Rais huteua, Seneti huthibitisha, na kila kiti ni uteuzi mpya. Katiba haidai hata shahada ya sheria.

Sonia Sotomayor ndiye anayetolewa mfano: mahakama ya wilaya 1992, ya rufani 1998, Mahakama ya Juu 2009. Lakini aliteuliwa na marais watatu tofauti, na kila mara alirudi kuhojiwa upya. Earl Warren alitoka ugavana wa California akawa Jaji Mkuu mwaka 1953. Elena Kagan, aliyeingia Mahakama ya Juu 2010, hakuwahi kuwa jaji kabla. Thurgood Marshall (yuleyule aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba London mwaka 1960) aliacha kiti cha maisha cha rufani mwaka 1965 akawa Wakili Mkuu wa Serikali, kabla ya kufika Mahakama ya Juu. Hiyo ni ngazi gani, ya kushuka ili upande?

Kinachoamua zaidi ni karatasi. Kwa kiti cha wilaya, maseneta wawili wa jimbo husika hutumiwa fomu ya rangi ya buluu. Mmoja akikaa nayo mezani bila kuirudisha, kwa kawaida uteuzi hukwama hapo hapo, hata mteuliwa awe amebobea vipi.