Haki ya Fundi wa Mji Mdogo

Katika miji yetu midogo, ile ambayo soko, stendi, msikiti, kanisa na ofisi ya mkuu wa wilaya vyote vyaweza kufikiwa kwa miguu kabla jua halijapanda, hakosekani kijana mmoja ambaye watu humwita fundi simu, wakadhani kwamba kwa jina hilo wamekwisha kuitaja kazi yake yote. Mchana hukaa katika fremu nyembamba ya duka, mbele yake meza yenye chuma cha kulehemu, testa, kioo cha kukuzia, mswaki mkuukuu na chupa ya spiriti, akipokea simu zilizopasuka vioo na zilizokataa kuingiza chaji. Na usiku, wenziwe waendapo barazani, yeye hubaki na bodi mbili tatu mbovu alizozitenga kwa kujifunzia, akiifuata njia ya umeme hatua kwa hatua, ijapokuwa hakuna mteja aliyemwahidi ujira kwa kazi ile, maana nafsi yake haitulii mpaka ajue chombo kimekufa kwa sababu gani. Naamini kwa dhati kwamba kijana huyu ni rasilimali ya umma kama alivyo bwana shamba au mkunga, na kwamba halmashauri zetu za wilaya humdhulumu, na kujidhulumu zenyewe, kila zinapompita mlangoni kwenda kumtafuta mtu wa mji mkubwa afanye kazi ambayo yeye aiweza.

Mapenzi ya mitambo hayakuletwa kwetu na simu. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, na redio zikaenea kidogo kidogo kutoka nyumba za wenye mishahara hata nyumba za wakulima, alizuka katika kila mji fundi redio, mtu aliyejifunza kwa kufungua na kufunga, akamrithisha ilimu yake mpwawe au mtoto wa jirani, pasipo chuo kilichomtambua wala cheti kilichotundikwa ukutani. Kwa upande wa dola mambo yalikwenda mwendo mwingine. Kompyuta ya kwanza ya nchi yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kisha mfumo wa hesabu za serikali uliokabidhiwa mashine ukaleta hasara na mchafuko, na mwaka 1974 ikatolewa amri ya kuzuia kompyuta na televisheni zisiingizwe nchini, amri ambayo athari yake ilidumu muda mrefu, hata Tanzania Bara ikakaa bila ya kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ilhali Unguja walikuwa nacho tangu mwanzo wa miaka ya sabini. Sina nia ya kuwalaumu waliotoa amri ile, kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa adimu na wajuzi wa mashine walikuwa wachache mno. Nitakalo ni kuonyesha kwamba katika miaka hiyo yote, wakati serikali ilipokuwa imeipa kompyuta kisogo, redio za vijijini ziliendelea kusema, na aliyezifanya ziseme ni mtu asiyeandikwa katika daftari lolote la serikali. Fundi simu wa leo ni mrithi wake, na daftarini hajaandikwa bado.

Tuchukue Pangani, mji wa kale ulio mlangoni mwa mto, kusini ya Tanga, wenye minazi na mkonge nyuma yake na bahari mbele yake. Pale adui mkubwa wa chombo chochote cha umeme ni chumvi. Mvuvi hutoka usiku na simu yake ndani ya mfuko wa nailoni. Wimbi hupiga, mfuko hufunguka, na maji huingia. Maji ya bahari hayafanani na ya mvua, kwa sababu chumvi iliyoyeyuka hupitisha umeme kwa wepesi, na maadamu betri imo ndani, umeme huo huila shaba ya bodi katika muda wa saa chache tu, ukaacha kutu ya kijani pale palipokuwa na njia nyembamba kuliko unywele. Fundi aliyelelewa na pwani hamwambii mteja aifukie simu ndani ya mchele, kama washaurivyo wengi. Humwambia aizime hima, asithubutu kuitia chaji, aje nayo saa ileile. Yeye huifungua, akaitoa betri, akaivua bodi na kuisuuza kwa maji matamu ili chumvi itoke, akaisugua kwa spiriti na mswaki, akaikausha barabara, ndipo akaishika testa na kuanza kupima. Ajuaye haya hupata kuiokoa simu ambayo mwingine angeitupa, na ndani ya simu ile zimo akiba ya mvuvi, namba za wanunuzi wake wa samaki, na picha za marehemu mamaye.

Ilimu hiyo mtengenezaji wa simu hana haja ya kuieneza, kwani faida yake imo katika kuuza simu mpya. Wala fundi wa Kongwa, kule bara, hana haja nayo. Huko upepo na vumbi ndivyo vimfundishavyo, na maarifa yake ni ya soketi za chaji zilizoshindiliwa mchanga, feni za kompyuta zilizokwama, na mabamba ya sola yaliyopungua nguvu kwa kukosa kufutwa. Kila mji una maradhi yake ya mitambo, na tabibu aliyeyazoea ni yule aliyekaa nayo. Kwa ajili hiyo sikubaliani kabisa na wale wenye kusema kwamba kijana mwenye kipawa asiyehamia Dar es Salaam anapoteza kipawa chake. Akihama, mji hupungukiwa na jambo ambalo mji mkubwa hauwezi kuurudishia.

Mwaka 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka huohuo ukaanza kujengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na tangu hapo juhudi za kuufikisha mtandao wilayani zimekuwa kubwa na za kusifiwa. Katika miaka iliyofuata vijana wapenda mitambo walifunguliwa nyumba za kukutania na kubuni, iHub ya Nairobi mwaka 2010, BongoHive ya Lusaka mwaka 2011, kLab ya Kigali mwaka 2012, na matunda yake yameonekana. Lakini nyumba hizo zote zimo katika miji mikuu. Kwa miji midogo tumezoea kupeleka chombo bila ya mtu: kompyuta hufika shuleni au ofisini katika maboksi yake, picha hupigwa, hotuba hutolewa, kisha siku moja umeme hurudi kwa kishindo baada ya kukatika, na kompyuta haiwaki tena. Aghalabu kilichokufa ni pawa saplai peke yake, na pengine ndani ya pawa saplai ni kapasita moja iliyovimba kichwa, kitu ambacho bei yake haifikii nauli ya kwenda Tanga. Mwalimu mkuu huandika barua, barua hupanda kwa afisa mmoja na mwingine, husubiriwa mzabuni, na wanafunzi walio darasa la mbele wakati kompyuta inakufa humaliza shule kompyuta ikiwa bado imefunikwa kitambaa. Umbali wa hatua mia tatu kutoka shuleni, fundi ameketi katika fremu yake akibadilisha kapasita kama ile.

Naona uchungu kuandika haya, kwa kuwa dawa yake haina gharama kubwa wala haijawahi kuwa siri. Huko Macha, kitongoji cha Mkoa wa Kusini wa Zambia chenye hospitali ya misheni, mbali na barabara kuu, intaneti iliingia kwa setilaiti katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na walioanzisha shughuli ile walishika msimamo kwamba watakaoiendesha mitambo na kuitengeneza wawe ni wenyeji, wafundishwe palepale na wafanye kazi palepale.

Wapo watakaosema kwamba fundi wa mtaani haaminiki, na hoja yao haifai kupuuzwa. Simu za wizi hupitia mikononi mwa mafundi, na wako baadhi yao waliokubali kubadilisha namba ya utambulisho wa simu, jambo ambalo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imelifanya kuwa kosa la jinai. Simu bandia zilipozimwa nchini usiku wa Juni 16 mwaka 2016, mafundi wengi walifikiwa na watu waliokata tamaa, wakiwasihi wazifufue simu zao kwa njia yoyote. Aliyekataa alipoteza mteja. Aliyekubali alivunja sheria. Mimi nauliza: katika hali ile, fundi asiye na leseni, asiye na cheti, asiyejulikana na ofisi yoyote, alikuwa na nini cha kumtia nguvu akatae? Mtu hulinda heshima yake pale inapotambuliwa. Fauka ya hayo, katika mji mdogo fundi na mteja hukutana msikitini, sokoni na mazikoni. Simu iliyoachwa mezani kwake na siri zilizomo ni amana, na akiihini mara moja tu habari itamtangulia kila aendako. Duka kubwa la mjini halibebi dhamana ya namna hiyo.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, tayari ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyepata ujuzi wake kazini bila ya kukaa darasani. Utaratibu huo ni mzuri, nami ningependa uletwe wilayani, wapimaji wawafuate mafundi badala ya fundi kufunga duka lake na kukosa riziki ya siku kadhaa kwa kuwafuata wapimaji. Kuhusu mtaji, sheria tangu mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ni ya vijana; lakini kijana huupata mkopo huo kwa kupitia kikundi, na ufundi wa bodi ni kazi ya mtu mmoja na meza moja, hata mafundi hulazimika kujiunga na kikundi cha kufuga kuku wasichokuwa na moyo nacho, au kuukosa mkopo. Mashine ya upepo wa moto na hadubini ya kuangalia bodi zingemfungulia fundi mlango wa kazi ambazo leo hana budi kuzipeleka Kariakoo kwa basi, na wanafunzi wawili watatu wangejifunza mezani kwake. Kanuni inayomnyima hayo kwa sababu yuko peke yake yafaa irekebishwe.

Na hilo la kurekebisha kanuni litangoja Dodoma, lakini liko moja lisilongoja mtu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kabla ya hapo madiwani hukaa kuipitia bajeti ya halmashauri yao, ambamo kimo kifungu cha matengenezo ya vifaa vya ofisi. Diwani wa Pangani, wa Kongwa, wa mji wowote wa aina hii, ana uwezo wa kusimama katika kikao hicho na kudai kwamba kompyuta ya shule na ya zahanati ikiharibika, mafundi wa wilaya ileile wapewe nafasi ya kwanza ya kuikagua, kwa mkataba ulioandikwa na ujira uliotajwa, kabla kazi haijatangazwa nje.